Spika za "Wati 1200" Zilimnyima Mwalimu Sauti ya Mkewe: Kisa cha Fundi wa Galula

Ukiingia duka lolote la spika, iwe Kariakoo au Tunduma, kitu cha kwanza kukusalimia ni namba. Wati 1200. Wati 3000. Nyingine zimeandikwa PMPO 10,000 kwa rangi ya dhahabu kabisa. Watu wengi hapo ndipo wanapomaliza kufikiri: namba kubwa, mkwanja unatoka, mzigo unabebwa. Kuna fundi mmoja kijana wa Galula naye alifikiri hivyohivyo, na kidogo tu imgharimu jina lake kijijini.

Kwa wasiopafahamu, Galula ipo wilaya ya Songwe, kwenye barabara ya kutoka Mbalizi kwenda Mkwajuni, upande wa bonde linaloshuka kuelekea Ziwa Rukwa. Joto lipo, vumbi lipo, misheni ya zamani ya Kikatoliki ipo. Na ni sehemu ambayo habari za fundi aliyeharibu kazi zinafika nyumbani kabla boda haijafika.

Mteja wenyewe alikuwa Mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya watu wazima wa pale, huyo fundi akiwemo. Mke wake alifariki mwaka jana. Enzi zake mama huyo alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na ilibaki kanda moja tu iliyorekodiwa zamani kwa maikrofoni moja, kwaya nzima pamoja. Kijukuu mmoja aliipeleka Mbeya ikahamishiwa kwenye flashi. Shida ikawa kwenye sabufa ya pale nyumbani: besi inatikisa vikombe kabatini, lakini mama haonekani popote. Amefunikwa.

Basi Mwalimu akamwita fundi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mimi sitaki kelele. Nataka nimsikie mama yenu. Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ni mwezi ujao, watoto wote wanakuja. Unaweza?"

Akampa shilingi 380,000 mkononi. Hakuandikishana naye wala kuita shahidi. Ukipewa hela ya namna hiyo na mtu aliyekufundisha kusoma, unaielewa uzito wake.

Sasa hapo ndipo jamaa alipoteleza. Alisikia neno "spika", hakusikia neno "mama". Akapanda gari mpaka Tunduma, mji wa mpakani ambako bidhaa zinapishana na Nakonde ya Zambia, akakutana na jozi ya wufa za gari. Inchi 10, mpira mnene, sumaku kama chungu, stika inasema wati 1200. Akachukua. Akachukua na twita mbili ndogo, na bodi mbili za krosiova zilizokuja zimeshatengenezwa. Shilingi 260,000 zikaenda. Akarudi Galula anapiga mluzi.

Alipiga maboksi ya plaiwudi, akayapaka rangi nyeusi, yakapendeza kinoma. Siku ya kujaribu, hapo karakana kwake, kwaya ilianza kuimba kama ipo ndani ya pipa la maji. Sauti za wanawake zilikuwepo kwa mbali. Wanaume ndio kabisa, walikuwa wanaguruma.

Kwanini? Tuanze na wufa zenyewe. Wufa ya gari ya aina ile imetengenezwa kwa kazi moja: besi ya chini. Kifuniko chake cha karatasi ni kizito, mpira wake ni mgumu, na inahitaji nguvu nyingi kuamka. Amplifaya ya Mwalimu inatumia betri ya sola na inatoa wati 20 za kweli kila upande. Kuilisha wufa ile ni sawa na kusukuma lori kwa baiskeli. Halafu ikishafika hezi mia kadhaa inachoka. Lakini sauti ya mwanamke anayeimba sauti ya pili, noti zake zinaanzia kama hezi 175 hadi 700, na kile kinachofanya neno lieleweke, yaani s, t, k, ch, kinakaa juu zaidi, hezi 2000 na kuendelea. Wufa ilikuwa imeshalala usingizi wakati mama anafungua mdomo.

Na zile wati 1200? Namba za stika za namna hiyo mara nyingi ni za kuuzia, hasa ukiona PMPO. Cha kuulizia ni wati ambazo spika inavumilia mfululizo, na muhimu zaidi, inatoa sauti kiasi gani ikilishwa wati moja. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, kutoka wati 10 hadi 20, unapata desibeli 3 tu zaidi. Sikio linaona tofauti, lakini si ya kutisha. Spika iliyo nyepesi na yenye usikivu mzuri itaipita ile nzito huku ikila betri kidogo.

Kosa la pili lilikuwa kwenye bodi ya krosiova. Krosiova kazi yake ni kugawa kazi: nyimbo ikiingia, besi na kati zinaelekezwa kwenye wufa, juu zinaelekezwa kwenye twita. Koili inazuia sauti za juu zisiende kwenye wufa, kapasita inazuia za chini zisiende kuunguza twita. Lakini kuzuia huko kunategemea omu za spika yenyewe. Bodi aliyonunua ilitengenezwa kwa spika za omu 8, igawe kwenye hezi 3000. Wufa za gari zilikuwa omu 4. Kwa koili ileile, ukipunguza omu nusu, mpaka unashuka nusu. Kwa hiyo wufa ikawa inaambiwa iache kazi kwenye 1500, wakati twita inaanza kushika kwenye 3000. Katikati hapo pakawa hakuna mtu kazini. Shimo. Na ndimo maneno ya nyimbo yalimoanguka.

Habari zikasambaa. Kijiweni wakaanza kumuita "Wati Elfu". Siku zikawa zimebaki 19 misa ifike, na mfukoni zimebaki 120,000, nauli na mbao zikiwa bado hazijatolewa.

Usiku huo alimweleza mke wake ukweli. Mke anauza maandazi asubuhi na amekuwa akiweka hela kikoba kwa ajili ya mabati. Alimsikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, akauliza:

"Baba Junior, hayo mabati ni ya nyumba yetu au ya msiba wa watu?"

Jamaa hakuwa na jibu. Akasema tu, "Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma."

Mke akaenda ndani, akarudi na 150,000. "Chukua. Lakini safari hii nunua kwa masikio, usinunue kwa macho. Na hizo za gari ziuze, hela irudi kikoba."

Kesho yake zile wufa zilipata mteja, mwenye gari ndogo ya abiria, kwa 140,000. Kwa gari lile ni spika nzuri tu, kila kitu kina mahali pake. Hela ikarudi kikoba kama ilivyoahidiwa, ikipungua shilingi 10,000 ambazo mke anazikumbusha mpaka leo.

Safari ya pili Tunduma ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Alibeba mita, betri moja ndogo ya volti 1.5 na vipande vya waya. Alipita kwenye spika za mtumba akiwa anapima. Hiki alichofanya ndicho kila mtu anayetaka kujitengenezea spika anapaswa kukijua, maana mtumba hauji na karatasi ya maelezo.

Kwanza, mita. Spika ya omu 8 ukiipima inasoma karibu na 6. Ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, koili imekufa, weka chini. Pili, vidole. Unasukuma kifuniko taratibu kwa vidole vya mikono miwili, usawa pande zote, huku umetega sikio. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeingia uchafu. Tatu, ukingo. Ukingo wa sponji unaoza kwa joto na miaka, ukiuminya unabaki kwenye kidole kama unga. Wa mpira unadumu zaidi. Nne, ile betri ya 1.5. Unagusisha kwa sekunde moja: kifuniko kikitoka nje, waya uliogusa chanya ndio chanya wa spika. Unaweka alama, maana zile alama za kiwandani mara nyingi zimefutika.

Alirudi na wufa mbili za inchi 6 na nusu, karatasi nyepesi, ukingo wa mpira, omu 8, na twita mbili za kuba ya kitambaa, nazo omu 8. Hakuna stika ya wati hata moja. Kijiweni walicheka sana: "Umetoka kwenye inchi 10 umekuja na sahani za chai?"

Lakini hesabu zilikuwa upande wake. Kifuniko cha wufa ya inchi 6 na nusu kina upana wa kama sentimita 13 kinapofanya kazi. Wimbi la sauti la hezi 2600 nalo lina urefu wa kama sentimita 13. Kuanzia hapo kwenda juu wufa inaanza kumulika sauti mbele tu kama tochi, aliyekaa pembeni anakosa. Kwa hiyo ni vizuri twita ipokee kazi karibu na hapo. Twita nayo ina kikomo chake cha chini: aliipima akakuta inatetemeka yenyewe kwenye hezi 1300 hivi, na kanuni ya mafundi ni kutoigawia kazi chini ya mara mbili ya hapo, isije ikaungua. Mara mbili ni 2600. Akachagua 3000, pande zote mbili zikawa salama.

Hata wakubwa walipita njia hiyo. BBC miaka ya 1970 walitengeneza spika ndogo iitwayo LS3/5A, kwa ajili ya kusikilizia kwenye magari yao ya kurekodia. Boksi lake ni kama lita 5, wufa yake ni ndogo kuliko ya huyu fundi, mpaka wa kugawana kazi ni karibu hezi 3000, na mpaka leo watu wanaitafuta kwa sababu ya jinsi inavyotoa sauti ya binadamu. Haikuwa na besi ya kutikisa bati. Kazi kubwa ilifanyika kwenye krosiova.

Safari hii hakununua bodi. Waya wa shaba alipata kwa fundi wa kusuka mota, kapasita za mikrofaradi 3.3 zisizo na chanya wala hasi alinunua mpya. Hesabu ya mgawanyo wa desibeli 12 kwa oktavu, kwa omu 8 na hezi 3000, inadai kapasita ya 3.3 na koili ya milihenri 0.85. Mgawanyo huo unaitwa Linkwitz-Riley, majina ya wahandisi wawili wa kampuni ya Hewlett-Packard, na uliwekwa wazi mwaka 1976. Kwa kila spika unahitaji koili mbili na kapasita mbili. Basi.

Swali ni: utajuaje koili uliyosuka kwa mkono kwenye kipande cha bomba ina 0.85 bila kifaa cha kupimia? Jamaa aliunganisha koili na rezista ya omu 8 kwa mfululizo, akawasha programu ya milio kwenye simu, akapitisha kwenye amplifaya, akapima volti za koili na volti za rezista. Koili ya 0.85 volti zake zinalingana na za rezista kwenye mlio wa hezi 1500. Ya kwanza ililingana kwenye 1300, maana yake imezidi, akapunguza mizunguko mmoja mmoja mpaka ikakaa. Koili nne, usiku mbili, simu ikiwa kwenye chaji ya sola.

Twita ilikuwa inapiga kwa nguvu kuliko wufa, akaituliza kwa rezista mbili: omu 3 kwenye njia na omu 15 sambamba na twita. Hapo unapunguza kama desibeli 4 na krosiova bado inaona omu 8. Boksi akalifanya la mbao nene, ndani akatia ubao wa kushikilia pande mbili zisitetemeke, akajaza pamba kiasi, akaziba kila upenyo kwa gundi.

Siku nne kabla ya misa akazipeleka kwa Mwalimu. Flashi ikachomekwa. Kwaya ikatoka safi, haina pipa wala guruma. Fundi akaanza kutabasamu. Mwalimu akawa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Wimbo ukaisha.

"Mwanangu, namsikia anaimba. Lakini simsikii anasema nini."

Angekuwa fundi mwingine angesema kanda ni ya zamani. Au angesema masikio ya mzee yamechoka, na kweli mtu akivuka miaka 60 sauti za juu kabisa zinampotea. Lakini kauli ya Mwalimu ilikuwa kipimo tosha. Kuimba kunasikika, maneno hayasikiki: maana yake irabu zipo, konsonanti hazipo. Na konsonanti zinakaa palepale kwenye mpaka wa 3000.

Akatoa simu, akapiga mlio wa hezi 1000, akaupandisha taratibu. 1500, upo. 2000, upo. 2700, unazama. 3000, kama mtu amefunga mlango. 4000, umerudi. Shimo tena! Omu sahihi, koili sahihi, kapasita sahihi, na bado shimo.

Sababu ni hii. Mgawanyo wa desibeli 12 una tabia yake: pale kwenye mpaka, wufa na twita zinatoka zikiwa zimegeuziana migongo. Moja inasukuma hewa mbele wakati nyingine inaivuta nyuma, zinafutana. Ukifunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kama ulivyofundishwa, ndiyo unatengeneza shimo. Dawa ni kugeuza waya za twita tu: chanya iende kwa hasi. Haina gharama yoyote. Na ukitaka uhakika, unapiga mlio wa hezi 3000, unageuza, unalinganisha. Upande mmoja mlio unazama, upande mwingine unasimama. Unabaki na unaosimama.

Akafungua mgongo wa maboksi, akachomoa waya, akageuza, akachomea upya kwa risasi, bila kusema neno. Dakika 20 hivi. Mjukuu aliyekuwa anamulika kwa simu akauliza, "Ndiyo hivyo tu, kaka?" Ndiyo hivyo tu.

Wimbo ukaanza upya. Safari hii s zilikuwa s na k zilikuwa k. Sauti ya kwanza ikaingia, besi zikafuata, na kabla kwaya nzima haijashika kiitikio, sauti moja ya mwanamke ikatangulia, nusu pigo mbele ya wenzake wote.

Mwalimu akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Huyo hapo! Huyo hakuwahi kuisubiri kwaya. Miaka yote mwalimu wa kwaya anamgombeza, miaka yote anatangulia."

Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya tatu akasema fundi aende tu nyumbani, amsalimie mama Junior, yeye atakaa hapo kidogo.

Siku ya kumbukumbu, baada ya misa na chakula, watoto walikaa sebuleni wakaisikiliza ile kanda yote. Mmoja wao, aliyekuwa mdogo sana wakati kanda inarekodiwa, hakuwa ameijua sauti ya mama yake wa ujana. Hakuna aliyeuliza spika zina wati ngapi.

Kijiweni jina la "Wati Elfu" bado linatumika, lakini sasa wanalitamka wakiwa wamebeba redio zao kumpelekea. Na yeye amebadilisha swali moja tu kwenye kazi yake. Zamani mteja akifika alikuwa anauliza, "Una bajeti gani?" Siku hizi anauliza kwanza, "Unataka kumsikia nani?" Anayetaka singeli ya uwanjani anapewa njia yake, wufa kubwa na amplifaya ya maana. Anayetaka taarabu ya chumbani, au mahubiri, au sauti ya mtu wake, anapewa njia nyingine. Mabati nayo yamepatikana, nyumba imeezekwa.

Haya, wewe je? Kwenye spika zako za nyumbani, ulichagua kwa namba ya kwenye boksi au kuna sauti ya mtu uliyokuwa unaitafuta? Dondosha hapo chini.